Walikuja Kuukemea Wembamba Wangu

Bwana Yesu apewe sifa, ndugu zangu. Wazee wangu, shikamooni. Wageni wetu mliotoka Ikungi, karibuni Issuna, na poleni na upepo. Mchungaji, nakushukuru kwa kunipa nafasi hii, maana najua kwaya mbili bado hazijaimba na watu wana njaa. Nitasema taratibu. Mimi si msemaji, mimi ni mtu wa jikoni.

Wengi hapa mnanijua kama Mama Juliana wa kamati ya mapishi. Kama umeoa katika usharika huu, au umebatiza mtoto, au umezika, basi umekula mkono wangu. Wageni watashangaa wakisikia kwamba mimi huyu mnayemwona hapa, shingo nje, nilikuwa mwanamke wa kujaza mlango. Mkitaka kuhakikisha, tazameni ile picha ya uzinduzi wa kanisa iliyoko ofisini kwa mchungaji. Yule aliyewaziba wanakwaya waliosimama nyuma yake ndiye mimi.

Na nisidanganye mbele ya madhabahu, mwili ule nilikuwa naupenda. Kwetu mwanamke akinenepa ni sifa ya nyumba nzima. Baba Juliana akipita na mimi mnadani, wanaume wenzake walikuwa wanamwambia, bwana wewe unatunza, na yeye alikuwa anapunguza mwendo ili watu wapate muda wa kutazama. Yupo pale anacheka, muulizeni. Hata kazi yangu iliutaka mwili ule, maana mpishi akiwa mwembamba watu wanaanza kuwa na wasiwasi na chungu chake.

Mpishi anakula bila kuketi. Naonja mchuzi, naonja wali, naonja tena kwa sababu mara ya kwanza nilikuwa naongea. Shughuli ikiisha wapishi tunapewa soda zetu, na ya kwangu haikuja peke yake. Nyumbani chai yangu ilikuwa na sukari ya kutosha wageni, asubuhi chapati, jioni ugali wa kumshibisha mtu aliyeshinda na jembe. Sikuona tatizo. Sinywi pombe, sivuti sigara, sijamchukulia mtu mume wake. Nilidhani magonjwa yanawajua watu wa kuwafuata.

Kisha kiu ikaja, ndugu zangu. Nilikuwa nakunywa maji kama ng'ombe aliyefika bwawani, na nikishakunywa safari za msalani haziishi. Nikawa nachoka kabla ya kazi. Macho yakaanza kunifanyia ukungu, nikasema ni moshi wa kuni. Miguu nayo ikawa kama imevaa soksi wakati sijavaa kitu, nikasema ni umri. Kila jambo nilikuwa na jibu lake tayari, na yote yalikuwa majibu yangu mwenyewe, sikumuuliza mtu.

Jambo lililonisimamisha ni mwiba. Ilikuwa wakati wa kuvuna alizeti, nimetoka shambani, nimefika nyumbani nimeweka mzigo. Baba Juliana akaniuliza mbona ndala yangu ina damu. Nikainua mguu. Mwiba wa mgunga ulikuwa umepenya ndala ukaingia kwenye unyayo, na mimi nilikuwa nimetembea nao njia yote bila kuusikia. Yeye aliuchomoa kwa koleo, akanitazama usoni akingoja nipige kelele. Sikuwa na kelele ya kupiga. Hapakuuma kabisa.

Nilikaa chini pale pale. Nilikuwa namkumbuka dada yangu Tabitha, yule aliyeolewa Itigi. Yeye alianza na kidonda kidogo kwenye kidole cha mguu, kidonda cha kupaka mafuta ukasahau. Kumbe alikuwa na kisukari na hakujua. Wakaondoa kidole, kisha wakaondoa mguu chini ya goti. Mimi ndiye niliyekwenda kumuuguza. Alikuwa ananiomba nimkune wayo wa mguu ambao haupo, na mimi nilikuwa nakuna shuka ili aone nimemtii. Tulimzika na mguu mmoja. Kwa hiyo ule mwiba ulipotoka bila maumivu, ndugu zangu, niliogopa. Kufa sikukuogopa sana, kila mtu atakufa. Niliuogopa mguu ule wa Tabitha.

Baba Juliana alinipeleka hospitali Singida mjini. Wakapima, wakaniambia nina kisukari, aina ya pili, ile inayowapata zaidi watu wazima, na sukari yangu iko juu sana. Wakanisafisha kidonda, wakanipa vidonge, wakanipangia siku ya kliniki. Kidonda kilichukua muda mrefu kufunga. Kila asubuhi nilikuwa nakigeuza kwenye mwanga wa dirisha, nakitazama kama mtu anayetazama chungu kisiungue.

Nikaamua kuacha sukari. Niliiacha kweli, hata ile ya kwenye kopo nikaigawa kwa jirani. Badala yake nikatumia asali. Baba Juliana ana mizinga yake porini, na asali yenyewe haikuwa ya kawaida, ilikuwa ya nyuki wadogo, ile tunayompa mtoto anayekohoa na mama aliyetoka kujifungua. Kwetu hiyo ni dawa, haiwekwi kwenye fungu la vyakula. Nikajiambia sukari ni ya kiwandani, asali ni ya Mungu mwenyewe, na nchi ya ahadi haikutiririka sukari. Nikawa naitia kwenye chai, kwenye uji, na nikipita karibu na kopo naramba kidogo kwa ajili ya afya. Nilikwenda kliniki nikiwa na uhakika watanisifu.

Daktari wa pale ni kijana, angeweza kuwa mwanangu, ananiamkia shikamoo kabla ya kufungua faili. Alipopima, sukari ilikuwa haijasogea. Akaniuliza ninakula nini. Nikamwambia kwa kujidai kabisa kwamba sukari nimeacha, natumia asali tu. Akaniuliza kiasi gani, nikamwambia.

"Mama," akasema, "damu yako haiulizi kama imetoka kiwandani au mzingani. Ikifika ndani yote ni sukari."

Nikamwambia basi angalau ugali wangu ni wa dona, hata wa uwele nakula, si sembe nyeupe. Akauliza ni mkubwa kiasi gani. Nikamwonyesha kwa mikono. Hapo ndipo alipocheka, na mimi nikacheka, maana mikono yangu ilikuwa inaonyesha kitu cha kumwekea mbele Baba Juliana na ndugu zake wote.

Halafu akaacha kucheka, akasogeza kiti. Akanieleza kwamba mafuta yaliyojaa tumboni mwangu yamekwenda kukaa hata ndani kwenye ini na kwenye kiungo kinachotoa ile homoni ya kushusha sukari, na kwamba yakipungua, viungo hivyo kwa watu wengine huamka vikafanya kazi tena.

"Ugonjwa wako haujakaa muda mrefu," akaniambia. "Ukipunguza uzito, na uwe mwingi, si wa kuvua kanga tu, halafu ukabaki hapo, kuna watu sukari yao hurudi kawaida mpaka tukawaondolea dawa. Si wote, mama. Na wa kuondoa dawa ni sisi, si wewe."

Nikamuuliza jambo moja tu. Nikamuuliza kama mguu wangu utabaki. Akasema hawezi kuniahidi mguu, lakini sukari ikishuka nitakuwa nimeupa nafasi. Nilimpenda kwa sababu hakuniahidi. Nikatoka nje nikakaa kwenye benchi la wagonjwa, nikaomba. Sikuomba uponyaji siku ile. Nilimwomba Mungu anipe nguvu ya kuusogeza ugali ukiwa bado unatoa moshi.

Basi nikaanza. Pale kliniki walinipangia chakula, na mimi nikakigeuza kiwe cha kwetu. Ugali ukawa wa ngumi moja, ngumi yangu, si ya Baba Juliana. Mlenda mwingi, mchicha, majani ya kunde, maharage, choroko, yai la kuchemsha, kuku siku akipatikana. Chai ikawa ya tangawizi bila kitu. Soda basi, maandazi basi, na asali ikarudi kuwa ya kikohozi cha wajukuu. Bodaboda nikaiaga, nikawa natembea kwenda shambani, kwenda kanisani, kwenda sokoni, nimevaa viatu vya kufunika miguu yote, na jioni naikagua kama mama anayemtafuta mtoto chawa. Kwenye mapishi nikamkabidhi mwenzangu kuonja. Niliposikia harufu ya pilau bila kuigusa, ndugu zangu, machozi yalinitoka, na watu wakadhani ni vitunguu.

Kuna wiki nilikuwa mtu mbaya. Nilikuwa na hasira na kila anayetafuna. Baba Juliana alikuwa anakula haraka haraka kama mwizi ili nisimkute. Lakini mwili ukaanza kushuka. Gauni zikalegea, nikazipunguza, zikalegea tena. Pete ya ndoa ikawa inatoka yenyewe, siku moja nikaikuta ndani ya unga wa chapati za watu, nikaifunga uzi.

Sasa hapo ndipo mambo mengine yalipoanza, na nyinyi mlikuwemo, kwa hiyo msinitazame hivyo.

Mimi sikuwa nimemwambia mtu kwamba nina sukari, isipokuwa mume wangu. Hapa kwetu ukisema sukari watu wanaanza kukuhesabia na waliotangulia. Wote walimjua Tabitha. Kwa hiyo nilinyamaza, na mwili ukawa unasema peke yake, na watu wakausikia vibaya. Mwanamke aliyekuwa na mwili ule akikonda hivi, mnajua wenyewe kinachosemwa. Wengine walisema nina virusi nimejificha. Wengine wakasema kuna mtu kanifanyia. Mnadani wakamuuliza Baba Juliana kama ameanza kufungia stoo kufuli, na yeye ambaye alizoea kusifiwa akawa anarudi nyumbani kabla mnada haujachangamka.

Kibaya zaidi ni chakula. Kwetu mtu akikuletea chakula ukakataa, umemwita mchawi bila kufungua mdomo. Nilikataa soda kwenye arusi ya mtoto wa jirani, nikakataa wali kwenye ubatizo, nikawa nasema nimeshiba, na aliyepika anajua kwamba hakuna mtu anayeshiba kabla ya kula. Mama mmoja ambaye nimepika naye miaka mingi alikaa muda mrefu bila kunisalimia. Mpaka Baba Juliana mwenyewe akashindwa kuvumilia.

"Mama Juliana," aliniambia, "mimi siombi uache. Naomba tu ukiwa mbele za watu ule, wakuone."

"Na mguu ukikatwa," nikamwambia, "ni wao watakaolala kitandani?"

Alikwenda kutazama mbuzi ambao hawakuwa na shida yoyote. Lakini kesho yake asubuhi nilipovaa viatu nianze kutembea, nilimkuta mlangoni naye amevaa vyake. Tangu siku hiyo mwanaume huyu hajatia sukari kwenye chai mbele yangu. Nyuma yangu sijui, Mungu anajua.

Ndugu zangu, sasa nifike kwenye ile siku. Kundi letu la akina mama la maombi linaongozwa na Mama Elia. Mama Elia ni mtu wa maombi kweli. Akisimama kuomba, hata kuku wananyamaza. Aliponiona nazidi kupungua, aliumia, akaona haiwezekani shetani anyonye mtu wa Mungu kundi lipo linatazama. Akawakusanya akina mama, wakafunga na kuomba kwa ajili yangu, kisha mchana mmoja nikawaona wanaingia uani kwangu wanaimba, na vichwani wamebeba vikapu.

Walinikalisha katikati kwenye mkeka. Vikapu wakavipanga mbele yangu: mchele, sukari, mafuta, maandazi ya moto, na kreti la soda. Sikuwa nimeona upendo mwingi kiasi kile umekaa chini pamoja. Wengine pale najua walikuwa hawana mchele nyumbani kwao. Wakaniwekea mikono, kichwani, mabegani, mgongoni, na Mama Elia akaanza. Akaikemea roho ya kukonda. Akaikemea roho ya kukausha mifupa. Akaukataa wembamba huu kwa jina la Yesu, akauamuru utoke kwenye nyumba hii urudi ulikotoka. Kisha akalia kwa sauti, akasema, Bwana, mrudishie mwili wake, mrudishie wote kama ulivyokuwa! Na akina mama wote wakaitikia amina.

Mimi niko chini ya mikono ile, nimefumba macho, jasho la Mama Elia linanidondokea shingoni. Na ninaogopa. Maana nilikuwa namwamini Mungu, na nilikuwa najua kwamba Mungu huwasikia hawa akina mama, nimeona kwa macho yangu. Nikaomba kimoyomoyo, nikasema, Baba, usiwasikie. Leo tu, nakuomba, usiwasikie. Nimeokoka miaka mingi, ndugu zangu, na sikuwahi kabla ya siku ile kumwomba Mungu alinyime kanisa lake.

Tukasema amina ya mwisho. Mama Elia akajifuta uso, akafungua soda kwa meno kama kawaida yake, akanishikisha mkononi. Ilikuwa ya baridi, ya chungwa, ile niliyokuwa naipenda na anajua. Akina mama wote wakanitazama. Kama ningeinywa, wangepiga magoti tena kwa furaha. Kama ningeiweka chini, ningekuwa nimewaita wachawi wote kwa pamoja, tena ndani ya maombi. Na nilikuwa na kiu. Nawaambia ukweli, nilikuwa na kiu na ile soda.

Niliiweka kwenye mkeka. Nikavua kiatu cha kulia, nikainua mguu nikawaonyesha wayo. Nikawaambia lile kovu ni la nini. Nikawaambia jinsi miguu yangu ilivyokuwa kama imevaa soksi, jinsi mwiba ulivyoingia ukatoka bila mimi kusikia. Nikawaambia kisukari, neno lenyewe, kwa mdomo wangu, na nikamtaja Tabitha. Kisha nikamgeukia Mama Elia.

"Mama," nikamwambia, "huo mwili mnaoniombea urudi ndio uliokuwa unanikata mguu."

Mama mmoja alianza kulia, mwingine akawa anavirudisha vikapu nyuma polepole kama vimekuwa na moto. Mama Elia alinyanyuka, akajifunga kanga, akasema jambo kwa Kinyaturu ambalo kwa Kiswahili ni kama kusema basi, tumeelewa. Akaondoka bila kuniaga. Niliwapikia waliobaki chai ya tangawizi, wakainywa bila sukari kwa heshima yangu, na nyuso zao wakati wanaimeza sitazisahau. Lakini moyoni nilijua nimemuumiza yule mama, na niliona kwamba huenda nimeuokoa mguu nikapoteza kanisa.

Siku zikapita. Mchana mmoja nikiwa napepeta uwele, Mama Elia akaingia peke yake. Tukasalimiana. Akakaa kwenye kigoda cha jikoni, akasogeza ukuni motoni.

"Ulisema miguu ilikuwa kama imevaa soksi," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Mimi zangu nimezivaa mwaka wa ngapi sijui."

Ndugu zangu, nimemwomba ruhusa ya kusema haya. Aliniambia, sema, nikiwa nimekaa pale mbele, usiniruke. Kwa hiyo siruki. Tulikwenda wote Singida mjini, mimi kwa siku yangu ya kliniki na yeye kwa mara ya kwanza. Tulikaa kwenye benchi lile lile. Wakatupima wote wawili.

Mimi nilikuwa nimeshapunguziwa vidonge kidogo kidogo na daktari yule, kila mwili ulipoteremka na vipimo vikaenda vizuri. Siku ile alikuwa na majibu ya kile kipimo kinachoangalia sukari ya miezi iliyopita, ambacho huwezi kukidanganya kwa kula vizuri juzi na jana. Akasoma, akarudia kusoma. Akaniambia tuache dawa tuone, nirudi apime tena. Nilirudi, na nikarudi tena, na miezi ikapita bila kidonge hata kimoja, na sukari iko pale pale pa mtu mzima wa afya. Miguu imeanza kusikia mchanga tena, si yote, lakini vidole vinasikia. Siku niliyojikwaa kwenye jiwe ikaniuma, nilikaa njiani nikacheka, mpita njia akaniuliza kama niko sawa.

Nilimuuliza daktari kama naweza kuja mbele yenu niseme nimepona. Akasema hapana, mama, sema imetulia. Uzito ukirudi na yenyewe itarudi, na hata usiporudi inaweza kurudi siku moja, kwa hiyo nisiache kupima na nisiache kuitazama miguu. Nami nawapa hivyo hivyo nilivyopewa. Najua mngependa neno kubwa zaidi. Lakini mimi nashuhudia nilichonacho. Na mtu asitoke hapa akatupa vidonge vyake au sindano zake kwa sababu amemsikia Mama Juliana. Vyangu aliniondolea daktari baada ya kupima, sikuviondoa mimi kwa imani.

Majibu ya Mama Elia yalikuwa tofauti. Sukari yake imekaa ndani muda mrefu kabla hajaijua. Yeye amepewa sindano. Amebadilisha chakula kama mimi, anatembea kama mimi, tunakutana alfajiri pale barabarani, ananisubiri au namsubiri. Amepungua, vipimo vyake vimeshuka, dozi yake imeshuka, vidonda hana. Lakini sindano bado anachoma, na daktari amemwambia huenda akaichoma siku zake zote. Aliuliza kwa nini Mama Juliana aliondolewa. Akaambiwa miili haifanani, na muda wa ugonjwa haufanani, na kwamba anachofanya kinamsaidia vile vile.

Na hapa ndipo nilipotaka kufika tangu niliposimama. Kuna maneno yameanza kupita chini chini baada ya ibada. Nimeyasikia. Kwamba Mama Juliana alikuwa na imani ndiyo maana ameachishwa dawa, na Mama Elia aangalie moyo wake kuna nini. Ndugu zangu, nawaomba kwa upole, maneno hayo yaishe leo. Siku ile kwenye mkeka, huyu mama alikuwa ameshinda na njaa kwa ajili yangu, na miguu yake mwenyewe haisikii. Alimlilia Mungu mpaka jasho likamtoka, wakati mimi chini ya mkono wake nilikuwa namwomba Mungu asimsikie. Sasa niambieni, kati yetu nani alikuwa na imani? Na ni nani leo anachoma sindano? Kama dawa ingepimwa kwa imani, mimi ndiye ningekuwa na sindano.

Neema niliyopewa mimi ni kupumzishwa dawa. Neema aliyopewa yeye ni dawa yenyewe, na miguu miwili ya kumfikisha kwangu alfajiri. Mungu mmoja ametupa zote mbili, na mimi namshukuru kwa zote mbili. Namshukuru kwa mume wangu, namshukuru kwa yule daktari kijana, nawashukuru akina mama kwa vikapu vile, na mnisamehe kwamba nilivirudisha.

Wewe uliyekaa hapo una kiu isiyoisha, au miguu yako inawaka au imekufa ganzi, au umepimwa ukaficha kama nilivyoficha mimi, mwamini Mungu na uende ukapime. Usingoje mwiba. Siku ya kliniki tunaondoka mapema, tutakuchukua. Huenda yako ikatulia kama yangu, huenda ukabaki na dawa kama mwenzangu. Hatujui, na hatutakuuliza imani yako iko kiasi gani. Tutakuuliza tu kama umevaa viatu vya kufunika vidole.

Nimemaliza, Mchungaji. Ila naona mnataka kunipigia vigelegele, na mimi peke yangu sivipokei. Mama Elia, njoo hapa mbele, mama. Njoo taratibu, hakuna haraka. Haya, sasa pigeni.